X Nyekundu Haimsumbui Mwenye Ploti

Kila jengo likianguka Nairobi, wa kwanza kulaumiwa ni fundi, halafu mpangaji: "Kwani hakuona X ukutani?" Wasee, hilo swali la pili ndilo linanikera.

Huruma, usiku wa 29 Aprili 2016. Jengo la orofa sita kando ya mto, mvua kubwa, likaanguka. Karibu watu 50 wakafa. Lilikuwa limeshawekewa alama libomolewe, na bado vyumba vilikuwa vimejaa watu wanaolipa kodi. Alama ilikuwepo. Mwenye ploti alikamatwa baada ya watu kufa.

Sasa hiyo X inafanya nini? Inakuambia wewe uhame. Wewe uliyelipa deposit na hauna nyingine, utafute keja mpya katikati ya mwezi. Yeye anaendelea kupokea kodi kwa M-Pesa kama kawaida.

Na msiniambie eti mpangaji angechunguza kabla aingie. Achunguze nini? Unaona tiles safi na rangi mpya. Zege huangaliwa nguvu yake ikiwa na siku 28. Siku ya kumwaga slabu, mchanganyiko ule ule unajazwa kwenye vyuma vya milimita 150 kila upande, vile vipande vinatunzwa majini, kisha maabara inavibonda kuona vitapasuka kwa uzito gani. Maji yakizidishwa ili kazi iende haraka, nguvu inashuka. Mbao zikitolewa mapema, orofa ya chini inabebeshwa mzigo kabla haijakomaa. Halafu kuna ile tabia yetu: mchoro unasema orofa nne, mwenye ploti anaona wapangaji ni wengi, anaongeza mbili. Msingi ni ule ule. Hayo yote plasta inafunika, na hakuna mpangaji atayaona akija kuangalia bedsitter.

Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika 2025 badala ya zile za 1968. Sawa, tumeshukuru. Lakini Huruma haikuanguka kwa sababu kanuni zilikuwa nzee.

Kuna watakaouliza, tukifunga majengo yote yenye X watu walale wapi? Swali la haki kabisa. Ndiyo maana mimi nasema tuanze na pesa, tusianze na mpangaji. Siku X inapakwa, kodi isimame na deposit irudishwe. Atakayeendelea kudai kodi ashtakiwe. Uone kama hatatafuta mhandisi mbio! Na pale kwenye geti la mjengo, kwa ile bodi yenye majina ya mkandarasi na mhandisi, wabandike pia matokeo ya maabara, slabu kwa slabu.

Kama kwenu kuna X, uliza kaunti kwa maandishi: iliwekwa lini, na mwenye jengo amechukuliwa hatua gani? Nitumieni majibu DM. Jina lako na namba ya nyumba ficha, kuna landlord atakutoa kesho.