Saini Kwanza, Sifa Baadaye

Mwandishi, katika makala yako Ujerumani umeipamba kupita kiasi. Sisi tunaoishi huku tunaujua mfumo wake wa vyeti vya dawa vya kielektroniki kwa miguu. Ni kweli, tangu 1 Januari 2024 madaktari wanaotibu wenye bima ya umma wamelazimika kuandika vyeti vya dawa kwa kompyuta, na ile karatasi ya waridi karibu imestaafu. Lakini hukugusia saini.

Wengi hudhani cheti kimo ndani ya kadi ya bima. Hakimo. Kiko kwenye seva, na kadi ni ufunguo tu. Mfamasia hakioni mpaka daktari akitie saini ya kielektroniki, na wapo madaktari wanaovilimbikiza vyeti na kuvisaini kwa mkupuo jioni. Yameshanikuta: nimetoka kliniki na homa, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, naambiwa hakuna kitu. Wakipiga simu kliniki, haipokelewi.

Faida ipo, sikatai. Mwenye kisukari au presha, kadi yake ikishasomwa mara moja ndani ya robo mwaka, huandikiwa dawa za kuendelea bila kurudi kupanga foleni. Hilo peke yake linatosha kuutetea mfumo. 

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mambo haya Tanzania na Kenya: daktari asaini mgonjwa akiwa bado kitini.