Mbwa Ana Pasipoti, Utingo Hana Kitabu

Ukitaka kuchangamsha kundi lolote la wasomaji hapa Dar, taja vitabu vya safari vya wale wazungu wanaookota mbwa koko, wakampa jina, wakamchanja, wakamkalisha kiti cha mbele cha Land Rover na kushuka naye nchi kavu mpaka Cape Town. Watu watacheka mpaka basi. "Wana hela za kuchezea hao." "Kwao mbwa ni mtoto." Kisha mmoja ataleta ile methali ya mbwa aliyezoeshwa kukufuata hadi msikitini, na mjadala umeishia hapo.

Mimi kicheko hicho nimekichoka. Vitabu vyenyewe sivitetei. Vingi havina chumvi, jua linazama kila sura, na Mwafrika akitokea ni wa kuuza nyanya au kusukuma gari lililonasa. Ila kicheko kinatusaidia kukwepa swali ambalo ni letu wenyewe: barabara ile inaanzia mlangoni petu, sasa kwa nini mwenye kuiandika ni mwenye mbwa?

Nakaa Kiwalani. Kutoka hapa hadi stesheni ya TAZARA ni safari ya bajaji tu. Reli ile ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ilianza kazi rasmi 1976, na upana wake ni milimita 1,067 kama reli za kusini, wakati Reli ya Kati yetu ina milimita 1,000. Yaani tangu siku ya kwanza ilijengwa ikitazama kule. Barabara ya Mandela nayo haikauki malori yanayotoka bandarini. Kuna madereva wa magari ya IT, wanaochukua gari lililotoka Japani na kulifikisha Tunduma na kuendelea. Kuna utingo, na kuna waliokwenda Bondeni kwa vibali na waliozamia. Uliza kichochoro chochote huku kwetu, utapata mtu aliyevuka Limpopo au anayejua bei ya kuvushwa. Watu wa safari tunao tele.

Halafu hili la kusema mbwa wa safari ni mambo ya kizungu. Hivi tumesahau Sura ya Pango? Vijana wanaikimbia nchi ya wakandamizaji, wanalala pangoni, na mbwa wao yupo mlangoni kanyoosha miguu ya mbele. Watu wanabishana vijana walikuwa watatu, watano au saba, lakini katika kila hesabu mbwa anahesabiwa. Masimulizi yamempa mpaka jina. Najua hukumu ya mate ya mbwa kwetu tunaofuata Imamu Shafi, kuosha mara saba na moja kwa udongo. Najua pia kwamba mbwa wanaozunguka machinjio ya Vingunguti si viumbe vya kukumbatia asubuhi na mapema. Lakini unajisi wa mate ni suala la fiqhi. Kumfanya mbwa awe tusi peke yake katika hadithi zetu ni uvivu wa waandishi, na dini isisingiziwe.

Turudi kusini. Kitabu mama cha mbwa wa safari katika ukanda ule ni Jock of the Bushveld cha Percy FitzPatrick, kilichotoka 1907. FitzPatrick alikuwa msafirishaji wa mizigo kwa magari ya ng'ombe miaka ya 1880, kati ya machimbo ya dhahabu ya Transvaal na Delagoa Bay, Maputo ya leo. Kwa maneno ya kwetu, mtu wa malori. Jock alikuwa dhaifu kuliko wote katika uzao wake, akaja kuwa mwindaji, akapigwa teke na tandala akawa kiziwi. Kifo chake sikisimulii, kisomeni. Ni kitabu kitamu na kina sumu ndani yake. Dereva wa magari yale ni Mzulu, Jim, ambaye kwenye kurasa ni mlevi, mgomvi na kichekesho, na lugha anayosemewa yeye na wenzake ilikuwa chafu kiasi kwamba matoleo ya baadaye yalibidi yafuliwe. Barberton kuna sanamu mbele ya jengo la halmashauri ya mji. Ni ya mbwa.

Hapo ndipo wenzangu wanapopiga meza: "Si unaona? Mbwa ana roho, Jim hana!" Naona. Lakini FitzPatrick alimwona mbwa wake kwa sababu alimtazama, siku kwa siku, jeraha kwa jeraha. Dawa ya hilo ni kumtazama Jim hivyo hivyo, na kazi hiyo hatuwezi kumdai FitzPatrick aliyekwisha kufa. Mwenye kumdai ni sisi.

Kuna jambo moja vitabu hivi vya mbwa vinalifanya vizuri kuliko fasihi yetu yote ya mipaka: vinahesabu karatasi. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Chipu chini ya ngozi. Cheti cha afya chenye muhuri wa daktari wa mifugo. Kibali cha kila nchi, na kwa Afrika Kusini vipimo vya damu juu yake. Akitaka kumpeleka Ulaya mbwa wa Tanzania, damu hupimwa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, kisha anasubiri miezi mitatu. Mwandishi analalamika ukurasa baada ya ukurasa, na wewe unacheka, lakini ukifunga kitabu umeujua mpaka kwa ndani: meza, kalamu iliyofungwa kamba, ofisa anayesoma cheti cha mbwa juu chini kama mtihani. Tunduma na Nakonde wamewekewa kituo cha pamoja tangu 2019, Chirundu tangu 2009, Kazungula daraja lilifunguliwa 2021 na pantoni ikapumzika. Haya ni mabadiliko makubwa katika maisha ya maelfu ya madereva wetu. Nani kayaandika kwa Kiswahili, ukiacha sisi wa magazeti tulioandika mgeni rasmi alikuwa nani?

Na wapo wanaopita bila karatasi. Juni 2012, Kongwa mkoani Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kubanwa ndani ya lori. Machi 2020, Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na watu 78 ndani. 64 walishakufa kwa kukosa hewa. Njia ni ileile, ya kushuka kusini. Mbwa wa kwenye vitabu husafiri dirisha likiwa wazi, pua nje. Sitaki afungiwe dirisha. Nataka kujua majina ya wale 64 na nani alikuwa amekaa karibu na mlango.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata vijana wetu wenyewe wameandikwa na mtu mwingine. Sean Christie, mwandishi wa Afrika Kusini, alitoa 2016 kitabu Under Nelson Mandela Boulevard, juu ya Watanzania wanaoishi chini ya madaraja ya Cape Town wakivizia meli za kuzamia. Kitabu kizuri, kina subira na kinawasikiliza. Kiko kwa Kiingereza. Mama wa kijana aliyemo humo, akiwa hapa Temeke, hawezi kukisoma.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili hakina mkono wa kazi hii. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, na Salim bin Abakari, Mngazija, anasimulia Urusi na Siberia alikopita 1896. Ndiyo, Mjerumani ndiye aliyewataka waandike, na hilo lina lake la kujadiliwa. Lakini nathari ile! Sentensi fupi, bei za vitu, njaa, woga, na macho yanayomshangaa mwenyeji bila kumdharau. Baada ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini, mrithi wake ni sauti ya dakika nne ya WhatsApp, "oya, tumekwama Nakonde siku ya tano," inayosikilizwa na kufutwa.

Wachapishaji wataniambia safari haiuziki, kinachouzika ni vitabu vya kiada. Waandishi wataniambia utingo hana muda wa kuandika. Sawa, hana. Tippu Tip hakuwa msomi wa chuo, na maisha yake yakachapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne iliyopita. Simu ya kurekodia unayo, nauli ya bajaji mpaka maegesho ya malori haifiki bei ya chipsi kuku.

Kwa hiyo safari ijayo kabla hujamcheka mzungu na mbwa wake, nitajie vitabu viwili vya Kiswahili, vilivyoandikwa baada ya uhuru, vya mtu aliyetoka Dar akashuka nchi kavu mpaka Afrika Kusini na kusimulia alichokiona. Ukishindwa viwili, nitajie kimoja na duka kinapouzwa, nikakinunue.