Upasuaji wa Pili wa Kupunguza Uzito: Mgonjwa Hurudi Kahama, si Dar es Salaam

Katika miji iliyokua kwa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Katoro na Geita mjini, mwili wa mtu husomwa kama barua iliyoachwa wazi. Akinenepa, husemwa kwamba mwamba umemkubali. Akikonda kwa haraka, minong'ono huanza: huyu hutaja UKIMWI, yule hutaja kulogwa, na mwingine hudai mali imekwisha. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito husomwa hivyo mara tatu: anapopungua, uzito unaporudi, na anapoondoka kimyakimya kwenda kufanyiwa upasuaji wa pili. Hoja ya makala haya ni kwamba upasuaji huo wa pili si aibu ya mgonjwa wala si dawa ya mkato, na kwamba usalama wake hutegemea zahanati ya nyumbani kwa kiasi kile kile unavyotegemea mkono wa daktari bingwa.

Huduma hizi si ngeni tena nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, huweka puto tumboni na hufanya upasuaji wa kupunguza uzito, na wapo Watanzania waliokwenda India kutafuta tiba hiyo. Puto si upasuaji. Hukaa kwa muda, mara nyingi miezi 6 au 12 kutegemea aina yake, kisha hutolewa. Upasuaji hubadilisha maumbile yenyewe. Katika aina moja, sehemu kubwa ya tumbo la chakula, takriban asilimia 75 hadi 80, hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki hufanana na ndizi nyembamba. Katika aina nyingine, kifuko kidogo hutengwa juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya asili.

Baada ya miaka kadhaa, baadhi ya wagonjwa huona uzito ukirudi. Wengine hupata kiungulia kikali kisichotulia kwa dawa, hasa waliokatwa tumbo kwa namna ya kwanza. Jamii huwa na hukumu tayari: ameshindwa kujizuia. Hukumu hiyo haina haki. Mwili wa binadamu huulinda uzito wake wa zamani. Unapopungua, njaa huongezeka na matumizi ya nishati hushuka. Tumbo lililopunguzwa linaweza kutanuka, na kiungo kilichoshonwa kinaweza kulegea. Ni kweli kwamba soda, uji wenye sukari nyingi na pombe hupita kwa urahisi hata katika tumbo dogo, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo bila kufichwa. Lakini kumweleza mtu ukweli ni jambo moja, na kumsuta ni jambo jingine. Mgonjwa aliyesutwa harudi kliniki, na asiporudi hakuna atakayejua madini ya chuma yamekwisha mwilini mwake.

Kwa upande mwingine, upasuaji wa pili usiuzwe kama ukarabati mdogo. Daktari hukuta makovu, mishipa ya damu iliyohama na tishu zilizoshikana. Hatari ya kuvuja, kutokwa damu na maambukizi huwa kubwa kuliko mara ya kwanza, na kwa kawaida uzito unaopungua huwa mdogo kuliko ule wa awali. Ndiyo maana uamuzi huo unapaswa kutanguliwa na kipimo cha kamera ya tumbo au picha ya eksirei yenye dawa ya kunywa, mapitio ya mlo na dawa zote anazotumia mgonjwa, na mazungumzo ya kina kuhusu msongo, huzuni na pombe. Ikiwa tatizo si la maumbile, kisu hakitalitatua. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza, kabla ya kulipa: nini hasa kimeharibika, na ni nani atakayenifuatilia nikifika nyumbani?

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Shinyanga iko takriban kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Achukuliwe mfano mfanyabiashara wa Katoro aliyerejea kutoka upasuaji wa pili wiki 5 zilizopita. Anatapika kila alacho. Amewaambia majirani kwamba alikwenda kusalimia ndugu. Katika zahanati anasema ana homa ya tumbo. Anapimwa malaria, kisha anatundikiwa dripu ya glukosi ili apate nguvu. Kila hatua ni ya kawaida, na kila aliyemhudumia ana nia njema. Lakini mtu aliyetapika kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji wa namna hiyo huwa ameishiwa vitamini B1, na sukari inayoingia mishipani bila vitamini hiyo inaweza kuuangamiza ubongo. Huanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa mapema, hupoteza kumbukumbu kwa kudumu au hufa. Sindano yenye vitamini B1, ikitangulia dripu, ingemwokoa. Neno moja la mgonjwa lingemfanya mhudumu aikumbuke. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata hivyo, lawama isimwendee mgonjwa peke yake. Mhudumu naye anapaswa kuuliza, kwa faragha na bila mshangao: umewahi kufanyiwa upasuaji wowote wa tumbo? Akijibiwa ndiyo, mambo machache hubadilika mara moja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo hutolewa kwa wepesi kwa kila maumivu ya mgongo wa mchimbaji, huweza kuchoma kidonda pale utumbo ulipounganishwa, parasetamo hutangulia. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika katika siku na wiki za mwanzo, hata bila homa, ni dalili ya hatari inayodai rufaa siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata baada ya miaka, yanaweza kuwa utumbo uliojisokota. Upungufu wa damu usiishie kwenye dawa ya minyoo au ya kichocho, ingawa vyote viwili vipo Kanda ya Ziwa. Huenda chuma na vitamini B12 havifyonzwi tena. Mwanamke aeleweshwe kwamba uwezo wa kushika mimba unaweza kuongezeka kadiri anavyopungua, kwamba ni vyema asubiri mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu, na kwamba kijiti au kitanzi ni vya kuaminika kuliko vidonge.

Nyumbani nako kuna kazi yake. Ushauri wa kula kidogo mara nyingi, kutafuna sana na kutokunywa maji pamoja na chakula ni rahisi kuuandika, ila ni mgumu mbele ya sahani moja ya ugali inayozungukwa na wanaume sita, au kwa mama lishe anayemhurumia mteja wake kwa kumwongezea. Kukataa chakula Usukumani kunaweza kuonekana ni dharau. Kwa hiyo familia ielezwe mapema, na mgonjwa apewe sahani yake ndogo bila maneno. Aanze na samaki, dagaa, mayai, maharage au maziwa mgando, ndipo afikie ugali na michembe. Chai aiweke mbali na mlo na vidonge vya chuma. Mchimbaji anayeshuka duarani kwenye joto abebe maji ya kunywa kidogokidogo siku nzima, na asirudi kunyanyua viroba vya mawe kabla daktari wake hajamruhusu.

Wapo watakaouliza kwa nini nafasi itumike kuzungumzia unene katika mikoa ambayo bado ina watoto waliodumaa na akina mama wenye upungufu wa damu. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba kinachoombwa hapa si chumba kipya cha upasuaji. Kinachoombwa ni barua. Kila hospitali inayofanya upasuaji huu, wa kwanza au wa pili, impe mgonjwa barua kwa Kiswahili inayoeleza kilichokatwa, kilichounganishwa, dawa za kuepuka, vitamini za maisha yote, tarehe za vipimo vya damu na namba ya simu ya kliniki husika. Nakala moja ibaki katika kituo cha afya cha nyumbani. Rufaa ikihitajika, Bugando haiko mbali kama zamani: tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa Geita anavuka ziwa bila kungoja kivuko.

Mgonjwa naye aitoe barua hiyo mfukoni. Hana deni la maelezo kwa majirani, lakini mhudumu anayeshika sindano anapaswa kujua. Na mhudumu akiisoma, aikunje na kuirudisha kwa heshima ile ile anayompa mgonjwa wa presha au kisukari, kisha ampangie tarehe ya kurudi.