DUKA DOGO LA CHAKULA SI MCHEZO

Kila maisha yanapokuwa magumu, swali moja husikika katika matawi yetu: ndugu aliyepunguzwa kazini, au mkulima ambaye zao lake limekosa bei, afanye nini? Wengi hujibu upesi kwamba afungue duka la chakula, kwani watu wataahirisha kununua nguo na kiti, lakini hakuna awezaye kuahirisha njaa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewafilisi ndugu zetu wengi.

Sisi twaunga mkono duka dogo. Wakati wa dhiki ndilo linalomsitiri mnyonge, maana hana fedha za kununua gunia; hununua robo kilo ya sukari na mafuta ya kupima. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kula duniani, tulionja uchungu wa kutegemea shehena za ng'ambo. Katika siku kama hizo mama mwenye watoto haendi kwa tajiri wa mjini. Huenda duka la jirani.

Lakini nia njema haijazi rafu. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, iliundwa COSATA ili kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa, nayo haikudumu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya ushirika yashike nafasi yao. Shabaha ilikuwa kumwokoa mwananchi na ulanguzi. Bahati mbaya, mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa tayari, na bidhaa zikaadimika. Hatusemi haya kwa kuwabeza wazee wetu. Twasema ili tujifunze kwamba duka halisimami kwa amri wala kwa hotuba. Husimama kwa mtaji, usafiri na hesabu.

Tutazame hesabu yenyewe. Tuseme ndugu yetu amenunua gunia la mchele la kilo 100 kwa shilingi 2,000 kila kilo, akauza kwa shilingi 2,200. Faida yake ni shilingi 20,000. Sasa akikopesha kilo 10 tu, na wakopaji wasilipe, atashika mkononi shilingi 198,000. Faida yote imekwenda, tena hawezi kununua gunia jingine kama lile. Kilo 10 katika 100 zimelilaza duka! Na hapo hatujahesabu kodi ya chumba, nauli ya mzigo, wala unga ambao watu wa nyumbani huuchota bila kuuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawashauri wanaotaka kuanza: anza na vitu vichache vinavyotoka kila siku, andika kila senti, fedha ya duka isikae mfuko mmoja na fedha ya nyumbani, na mizani iwe ya haki, kwa maana mteja aliyepunjwa mara moja harudi. Wala usianze kwa fedha ya mkopeshaji mwenye riba ya kunyonya. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Nasi wanachama tuna wajibu. Ni aibu kumwita mtu ndugu mkutanoni, kisha jioni ukachukua unga wake kwa ahadi, na mwisho wa mwezi ukapita njia ya nyuma usionane naye. Asiyelipa deni la duka la jirani anavunja duka hilo kwa mkono wake mwenyewe, na kesho atamlaumu nani akikosa pa kununua?

Serikali nayo ina lake. Sheria ya mwaka 2018 iliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Twataka igawiwe hadharani, kwa vikundi vinavyofanya kazi kweli, si kwa vikundi vya karatasi wala kwa jamaa za wakubwa. Na afisa anayekagua leseni na usafi aanze kwa kumfundisha mwenye duka, si kwa kufuli.

Tulipodai Uhuru tulisema twataka kujitawala. Mtaa usioweza kuendesha duka lake la unga na chumvi bado haujajitawala sawasawa. Basi tulipe madeni yetu leo, ili duka la jirani lifunguliwe kesho asubuhi.