Simu za ofisi zisitegemee njia moja

Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja karibu na Durban. Intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zake. Hali kama ile humfanya bubu wakala wa forodha pale Rusumo ambaye simu za ofisi yake ni za intaneti: lori limesimama, mteja hampati.

Mimi nasema akiba haiozi. Seva ziwe mbili, moja ikizima nyingine ipokee simu, na betri iwepo umeme ukikatika. Laini za intaneti nazo ziwe mbili, lakini muulizeni muuzaji zinapita wapi. Zikipita mkongo mmoja, mmelipia njia moja mara mbili. Kila mwezi chomoeni moja, mpige simu, mjionee.