Usinunue Darubini kwa Sababu ya Namba Kubwa

Wasee, wacha niseme hii maneno mapema. Ile darubini imeandikwa 60x60 ama 100x180, na inauzwa bei ya viatu vya mtumba, haivuti kitu mara 60 wala mara 100. Hizo ni namba za kuuza, si za kuona. Na ikiwa wewe ni kijana unayetaka kuanza kuangalia ndege, ama uko chuo cha utalii na mwaka ujao unataka kuongoza wageni, hiyo namba inaweza kukutoa kwa hii kazi kabla hujaianza.

Kwanza nimalize hili la bunduki, kwa sababu kuna wanaouliza. Video za Marekani za kuchagua darubini ya kwanza ya bunduki ya kuwinda zimejaa mtandaoni, na vijana wetu wanaziangalia wakidhani zinawahusu. Hapa Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku 1977 na haujarudi. Darubini yenye alama ya msalaba ndani haina kazi na wewe, na ukionekana nayo mbugani jiandae kujibu maswali. Lakini kuna kitu kimoja nawakubalia hao wawindaji. Wale wazoefu humwambia mgeni anunue ile ya kawaida, 3-9x40 yenye kioo kizuri, aachane na makubwa. Wanajua paa wao anatoka asubuhi na jioni, mwanga ukiwa mdogo, na ukivuta sana unampoteza kabisa. Hiyo akili ndiyo ninayotaka tuibebe, bunduki tuwaachie.

Sasa namba. Ukiona 8x42, hiyo 8 ni mara ngapi kitu kinaletwa karibu. Hiyo 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Basi, hakuna siri. Ndege aliyekaa mita 80 kutoka kwako, kwa darubini ya 8 unamwona kana kwamba yuko mita 10. Kwa darubini ya 10 unamwona kana kwamba yuko mita 8. Fikiria hapo kidogo. Umepata mita mbili tu, na umelipia kwa kitu ambacho muuzaji hakukutajia: mkono wako unatetemeka, na darubini inavuta huo mtetemo pia. Ikivuta mara 8, mtetemo ni mara 8. Ikivuta mara 20, utaona ndege anacheza densi na yeye ametulia tuli kwa tawi.

Halafu kuna upana wa kile unachoona. Darubini ya 8 ikiwa fiti inakuonyesha kama mita 130 hivi za upana ukiangalia mahali palipo umbali wa kilomita moja. Ya 10 mara nyingi ni karibu mita 110. Inaonekana kama tofauti ndogo mpaka uwe chini ya mgunga, chozi anaruka kutoka ua moja hadi lingine kila sekunde mbili, na wewe unazungusha kichwa ukitafuta ni tawi gani. Mtu anayeanza anapoteza ndege zaidi kwa sababu hakumpata ndani ya kioo kuliko kwa sababu ndege alikuwa mdogo. Hii nasema nikiwa nimetembea na vikundi vingi vya wanafunzi.

Lakini jambo ambalo nataka ulielewe hata ukisahau mengine yote ni mwanga. Chukua ile namba ya pili ugawanye kwa ya kwanza. 42 gawanya kwa 8 ni 5.25. Hizo ni milimita za duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia kwa jicho. Mboni ya jicho lako, jua kali la saa saba mchana pale Amboseli, imejifunga mpaka milimita mbili au tatu, kwa hivyo karibu darubini yoyote itakutosha. Ingia Kakamega sasa. Msitu umefunga juu, ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, turako mkubwa wa buluu yuko huko juu kabisa, na mboni yako imefunguka kutafuta mwanga. Ukiwa na ile ndogo ya mfukoni ya 10x25, unapewa duara la milimita 2.5. Unaona kivuli cha ndege. Mwenzako mwenye 8x42 anaona rangi. Mnaangalia ndege mmoja, mti mmoja, na nyinyi wawili mtaandika vitu tofauti kwa daftari.

Na ile 60x60? Gawanya mwenyewe. Ni milimita moja. Kama ingekuwa kweli inavuta mara 60, ungekuwa unaangalia kupitia tundu la sindano, na bila stendi usingeshika kitu chochote. Ukiona inaonyesha picha nzuri kidogo ukiishika kwa mkono, jua imekudanganya kuhusu namba. Muuzaji anajua huwezi kupima. Kumbe unaweza, na unahitaji rula ya shule tu.

Fanya hivi. Shika darubini kama sentimita 30 kutoka usoni, ielekeze kwa anga nyeupe ama ukuta wenye mwanga (usiielekeze kwa jua, tafadhali, macho hayana spea). Utaona viduara viwili vidogo vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Weka rula hapo, pima upana wa kiduara. Kisha pima lenzi ya mbele. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Jibu ndilo uvutaji wake, si lile lililochapishwa kwa dhahabu. Haitakuwa sahihi mpaka nukta, lakini uongo wa 60 utaujua pale pale kaunta. Kuna ile ya jicho moja inayofungwa kwa simu, wameandika 40x60, kila mtu amewahi kuiona ikitangazwa. Niliyoipima mimi ilikuja karibu 9.

Ukiwa bado umeishika hivyo, angalia umbo la kiduara chenyewe. Kama ni mviringo safi, vizuri. Kama kingo zake zimekatwa ukaona kitu kama umbo la almasi lenye kivuli pembeni, prizimu za ndani ni za glasi ya bei rahisi na zinakula mwanga wako. Geuza mbele pia. Zile lenzi zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki, ambazo vijana wanazipenda sana kwa sababu zinapendeza kwa picha, achana nazo. Rangi hiyo inarudisha mwanga mwekundu nje, na unachobaki nacho ni dunia ya kijanikijani. Unataka lenzi yenye mng'ao hafifu wa kijani au zambarau. Mwisho kabisa, angalia mlingoti ama nguzo ya stima iliyo mbali kwa macho yote mawili, dakika mbili nzima, usiharakishwe. Ukiona mbili, ama macho yakianza kuvutana, mirija haijalingana. Hiyo hairekebishwi kwa kuzoea. Kichwa kitakuuma kila siku.

Sasa, mbona napiga kelele hivi kwa kitu ambacho wengine wanaona ni cha wazee wenye kofia? Kwa sababu ya kazi. Kenya iko na aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kuna wageni wanapanda ndege ya chuma masaa kumi kuja kuona mmoja tu: yule bundi mdogo wa Sokoke, hafikii sentimita 20, anayekaa Arabuko-Sokoke. Anayewapeleka ni kijana wa pale kijijini. Mgeni amebeba Swarovski, na kuna modeli za hiyo kampuni zinapita dola 3,000. Kijana amebeba kitu kilichoandikwa 100x180 kinachomuumiza kichwa. Kijana anajua mlio, anajua tawi, anajua huyo bundi alilala wapi jana. Lakini kukiwa na ndege mwingine mbali na mgeni auulize, "Huyo ni nani?", kijana anategemea kuazimwa darubini na mtu anayemlipa. Nimeona hiyo, na haipendezi. Ukitaka kupanda ngazi za KPSGA, shaba mpaka fedha mpaka dhahabu, ndege huwezi kuwakwepa, na huwezi kuwajifunza kwa kioo kinachokupa kivuli.

Kwa hivyo ushauri wangu, na najua kuna watu watabisha: ya kwanza iwe 8x42. Si 10, si 12, si ile yenye kukuza na kupunguza kama kamera, hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ina vipande vingi vya kuharibika na mwanga mdogo. Kama mkoba wako ni mwepesi ama mkono wako ni mdogo, 8x32 pia ni sawa, utapoteza mwanga kidogo alfajiri na jioni. Wanaosema mbuga zetu ni wazi kwa hivyo 10 ni lazima, nawasikia. Mtu aliyeshika bino miaka mitano anaweza kubeba 10x42 Maasai Mara na asijute. Mimi naongea na wa kwanza, si wa pili.

Kampuni sitawachosha nazo. Celestron Nature DX, Nikon Prostaff, Vortex Diamondback, hizo ni za watu wa kawaida na zinafanya kazi. Ukiagiza nje, piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujalipa, maana bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni kwako.

Na kama hiyo pesa haipo? Hapa ndipo sikubaliani na wale wa "anza na chochote." Usianze na chochote. Bei ya darubini mbili za uongo, zile utanunua moja ikivunjika ununue nyingine, unaweza kuitumia kutafuta mtumba. Darubini za zamani za umbo la kiwiko, zile lenzi za mbele zimeachana kuliko za nyuma, 8x30 ama 8x40, zilitengenezwa na watu waliojua kazi. Zinatoka Ulaya pamoja na kamera za zamani. Zipime kama nilivyosema, chungulia ndani kwa tochi uone kama kuna ukungu unaotambaa kama utando wa buibui. Ukiwa na ukungu, ziache. Ukikaa Pwani, huo ukungu utakuja kwa mpya pia usipojihadhari: weka darubini na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ndani ya mkebe unaofunga.

Ama nunueni moja watu wanne. Najua vikundi vya vijana vinavyonunua viti vya plastiki na tenti ya kukodisha kwa michango ya kila wiki. Darubini nzuri moja inazungushwa kikundini kwa siku, na kila mtu anajua zamu yake. Na kabla hamjanunua, ukiwa Nairobi, nenda ile matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, inayoanzia pale Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno aliianzisha 1971 na bado watu wanatembea. Omba kushika za wengine. Dakika tano na 8x42 ya mtu mwingine zitakufundisha kuliko video ishirini, na wale wazee hawana choyo, wanachotaka ni mtu wa kuwauliza maswali.

Kuna wakati uvutaji mkubwa una maana. Pale Mida Creek maji yakitoka, ndege wa ufuoni wako mbali kwenye matope, maelfu, na wote wanafanana. Hapo unataka teleskopu ya 20 mpaka 60, lakini iko juu ya stendi ya miguu mitatu na imetulia kama meza. Hiyo ni ya baadaye, na afadhali iwe ya kikundi.

Ukivaa miwani, angalia kama vikombe vya mpira vya nyuma vinashuka, na uulize umbali wa jicho: milimita 15 kwenda juu. Chini ya hapo utaona katikati tu, kama unachungulia kwa tundu la mlango.

Ukiipata, ipange siku ya kwanza. Wengi hawafanyi hii halafu wanalaumu kioo. Funika mrija wa kulia kwa mkono, angalia kibao cha duka kilicho mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikatwe vizuri. Sasa funika wa kushoto, angalia kibao hicho hicho kwa jicho la kulia, usiguse gurudumu, zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye kioo cha nyuma cha kulia mpaka herufi zitulie. Hapo imekuwa ya macho yako. Weka nukta ndogo ya kalamu mahali pete imesimama, kwa sababu mara tu utakapompa mtu aangalie, ataizungusha.