Mtambo usiosogea wawafunza nini walimu wetu?

Kila mwanafunzi aliyesoma fizikia hadi Kidato cha Nne katika mfumo wa 8-4-4 amewahi kuchora bomba la eksirei. Upande mmoja aliweka kathodi yenye waya, upande wa pili anodi, kisha akaandika chini ya mchoro kwamba waya sharti upashwe moto ndipo elektroni zichomoke. Ukimwuliza kwa nini sharti uwe wa moto, aghalabu atakujibu kuwa ndivyo kitabu kisemavyo. Jibu hilo lanitia wasiwasi, kwa maana wapo wataalamu walioliuliza swali hilo upya, nao wakapata njia mpya ya kuitafuta saratani ya matiti.

Wilhelm Röntgen aliigundua miale hii huko Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895. Mwaka wa 1913, Mmarekani William Coolidge alitengeneza bomba lenye waya wa tangisteni unaopashwa moto, na kwa zaidi ya karne moja mabomba ya hospitalini yamefuata nyayo zake. Ni chombo cha kutegemewa, lakini kina gharama yake. Waya hupashwa hadi kupita nyuzijoto 2000, na katika nishati ya elektroni zinazoigonga anodi, takriban asilimia 1 pekee hugeuka eksirei. Iliyobaki ni joto tupu. Ndiyo sababu bomba huwa kubwa na zito.

Uzito huo ni tatizo hasa katika upimaji wa matiti. Picha ya kawaida huonyesha titi zima kama kivuli kimoja, hivyo uvimbe waweza kujificha nyuma ya nyama. Ili kuuepuka mtego huo, iliundwa tomosinthesisi: bomba husogea kwa upinde juu ya titi likipiga picha kutoka pembe kadhaa, halafu kompyuta huzigeuza kuwa tabaka nyembamba, mithili ya kurasa za kitabu. Mtambo wa kwanza wa aina hii uliidhinishwa Marekani mwaka wa 2011. Hata hivyo, kitu kinachosogea hutia ukungu katika picha, na mgonjwa naye akitikisika ukungu huzidi. Vipunje vidogo mno vya kalsiamu, ambavyo huenda vikawa dalili ya mapema ya saratani, hufifia. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni nani awezaye kuziba ufa asiouona?

Hapa ndipo lilipozuka swali la busara: je, ni lazima elektroni zichemshwe? Mwaka wa 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza kuhusu nanotyubu za kaboni, vijibomba vyembamba maelfu ya mara kuliko unywele. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, kundi la Otto Zhou na Jianping Lu lilitumia ncha za vijibomba hivyo kutoa elektroni bila moto, kwa mvuto wa umeme pekee. Maadamu hakuna waya wa kupashwa, vyanzo vingi vidogo vyaweza kupangwa mstarini na kuwashwa kimoja baada ya kingine kwa swichi ya elektroniki. Mtambo waliouunda kwa ajili ya matiti ulikuwa na vyanzo 31 vilivyotandazwa katika pembe ya digrii 30. Hakuna kinachosogea, na vipimo vyao vya maabara vilitoa picha kali kuliko za bomba lililo mwendoni.

Sisemi kwamba ushindi umepatikana. Picha kali si sawa na maisha yaliyookolewa, na mtambo wowote sharti upimwe kwa wagonjwa wengi kabla ya kusifiwa.

Msomaji atauliza, ya Chapel Hill yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanawake wa Kenya. Aidha, tumekwisha kuona kwamba mitambo peke yake haitibu. Mpango wa kukodi vifaa vya matibabu ulioanza mwaka wa 2015 ulilenga hospitali 98, lakini uchunguzi wa Seneti ulibaini kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bure, pengine kwa kukosa wahudumu wenye ujuzi. Pesa zilinunua chuma, ujuzi haukodishwi.

Ujuzi huanzia darasani. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hufunzwa kwamba chaji hurundikana kwenye ncha kali, na kwa sababu hiyo chuma cha kukinga radi huchongwa ncha. Mwaka unaofuata hufunzwa bomba la eksirei. Mambo hayo mawili yakiunganishwa ndiyo mtambo wa Chapel Hill, lakini ni walimu wangapi huyaunganisha? Tumezoea kufunza kila sura kivyake, mtihani upite, daftari lifungwe.

Sasa mfumo wa 8-4-4 unapoupisha mtaala mpya, nawasihi walimu wasiikose fursa hii. Mwacheni mwanafunzi aulize kwa nini waya uwe wa moto, na asikemewe kwamba anapoteza wakati wa kipindi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Anayekariri leo kesho atauwasha mtambo wa wengine, na utakapoharibika atasubiri mgeni aje kuutengeneza, huku akina mama wakiwa foleni.